Mabaki ya Jikoni Yanayoota Tena: Yapi Yafaa Kupandwa na Yapi Yana Hasara

Katika daftari la matumizi la chama kimoja cha msingi cha Nyanda za Juu Kusini uliwahi kuonekana mstari mmoja ulioandikwa kwa mwandiko mzuri: "Mbegu ya viazi, magunia 4." Stakabadhi iliyobanwa nyuma ya ukurasa huo, iliyotolewa na mchuuzi wa sokoni, ilisema tu: "Viazi, magunia 4." Hakuna aliyekuwa ameiba. Fedha zilitoka, viazi vikaja, vikapandwa na kikundi cha akina mama wanachama waliokopeshwa na chama chao kwa ajili ya bustani ya pamoja. Lakini kati ya neno "viazi" na maneno "mbegu ya viazi" pana tofauti ambayo kikundi hicho kilikuja kuilipia kwa misimu miwili. Habari yao itaelezwa mahali pake, baada ya jambo lenyewe kufafanuliwa kutoka mwanzo.

Siku hizi maelezo juu ya kuotesha mboga kutokana na mabaki ya jikoni yameenea mno. Yanapitishwa kutoka simu hadi simu yakiwa na picha za kupendeza: kitako cha kabichi ndani ya sahani ya maji, kichwa cha karoti kikitoa majani mabichi, kitunguu kilichochipua dirishani. Katika mikutano mikuu ya vyama wanachama huuliza kama ni kweli kwamba mtu aweza kuacha kununua mboga kwa njia hiyo. Baadhi ya hayo yanayosemwa ni kweli tupu, baadhi ni nusu ya kweli, na machache yana hasara ambayo haionekani mpaka msimu uwe umekwisha kupita.

Wala jambo hili si geni kama picha zinavyodai. Mkulima wa zamani alipochimba kiazi kikuu alikata kichwa chake, akakirudisha shimoni, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyoingia chunguni. Gimbi lilitendewa vivyo hivyo: sehemu ya juu, pamoja na vikonyo vya majani vilivyofupishwa, ilirudi kwenye unyevu kando ya mfereji. Ncha ya muwa haikutupwa. Katika vihamba vya Kilimanjaro na katika bustani za Usambara mambo haya yalikuwa sehemu ya mavuno yenyewe. Kilicho kigeni ni sahani ya maji tu.

Ili kutenganisha yafaayo na yasiyofaa, hapana budi kufahamu kwamba mmea hauoti kutokana na kipande chochote cha mwili wake. Huota penye jicho, yaani mahali palipo na chipukizi lililolala likingoja unyevu. Kitunguu maji kina shina fupi sana, nalo ni kile kitako kigumu chenye mizizi ambacho wapishi hukikata na kukitupa. Maganda manene yanayoliwa ni majani yaliyojaa chakula cha akiba. Kiazi mviringo si mzizi, bali ni shina lililonenepa chini ya ardhi, na vijicho vyake ni machipukizi. Tangawizi nayo ni shina linalotambaa ardhini. Kiazi kitamu ni mzizi hasa, ila ni mzizi wenye uwezo wa kufanya machipukizi mapya. Muhogo ni mzizi usio na uwezo huo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kupanda muhogo wenyewe akapata shamba. Hupandwa vipande vya mti wake.

Karoti ndiyo inayowadanganya wengi. Kichwa chake kikiwekwa majini hutoa majani kwa siku chache, na watoto hufurahi sana. Lakini hakitatoa karoti nyingine hata kikingojewa mwaka mzima. Mzizi ule ulikuwa akiba ya mmea kwa ajili ya kutoa maua na mbegu, na mzizi ukishakatwa mmea hautengenezi mwingine wa namna ile. Majani yake yaweza kutiwa kwenye mchuzi, basi. Kiazisukari chekundu ni vivyo hivyo, ingawa majani yake ni mboga nzuri zaidi.

Kwa watu wa ushirika mfano ulio karibu ni kitabu cha akiba. Kitako cha kitunguu kilichowekwa ndani ya maji matupu ni kama mwanachama anayetoa fedha kila juma bila kuweka mchango. Maji hayana chakula cha mmea cha kutosha, kwa hiyo jani la kwanza hutoka likiwa nene, la pili jembamba, na la tatu ni uzi tu. Kikihamishiwa kwenye udongo wenye samadi iliyooza au mboji, kikapata na jua, mmea huanza kuweka akiba mpya. Sahani ya maji ni ya kuanzishia mizizi kwa siku chache, na bustani yenyewe iwe udongoni.

Katika mabaki yote ya jikoni, lenye faida ya haraka ni kitunguu majani. Mpishi akate majani na sehemu ya juu ya shina jeupe, abakize urefu wa kama sentimita 4 pamoja na mizizi, kisha avipande vipande hivyo ndani ya kopo au kiroba chenye matundu chini, mizizi ikielekea chini na ncha ikichungulia juu ya udongo. Kwa muda wa siku chache ncha za kijani huonekana, na baada ya majuma mawili au matatu huweza kukatwa. Visikatwe mpaka chini kabisa. Vikiachiwa vidole viwili juu ya udongo huota tena na tena, na kila shina huzaa mengine ubavuni. Baada ya miezi kadhaa kishada chafaa kung'olewa, kugawanywa na kupandwa upya. Liki hutendewa hivyo hivyo. Kitunguu maji cha kawaida nacho hutoa majani mazuri kutoka kwenye kitako chake, lakini asitazamie mtu kupata kitunguu kikubwa kingine. Atapata majani, pengine vitunguu vidogo, na mahali penye baridi atapata ua.

Kaya inayonunua fungu 1 la vitunguu majani kila juma hununua mafungu 52 kwa mwaka. Kwa chama chenye kaya 300 ni mafungu 15,600. Hesabu hiyo isimtie mtu wazimu, kwa maana hakuna kaya itakayoacha kununua kabisa, na akina mama wauzao mafungu hayo mara nyingi ni wanachama wa chama hicho hicho. Lakini inaonyesha kwamba kitu kinachotupwa pamoja na majivu kina thamani inayoweza kuhesabiwa.

Cha pili kwa faida ni matembele. Mpishi huchuma majani na ncha laini, kisha hutupa vikonyo virefu vilivyokomaa. Vikonyo hivyo ndivyo mbegu. Kipande cha urefu wa sentimita 30 hivi chenye vifundo kadhaa, kikilazwa au kuinamishwa udongoni vifundo vitatu vikiwa chini, hushika mizizi kabla juma halijaisha kama udongo una unyevu. Majani ya kuchuma hupatikana baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Matembele hayataki kiwanja kikubwa. Huning'inia kwenye kiroba, hupanda uzio wa nyumba, hutambaa kando ya bomba la maji. Anayetaka viazi vyenyewe achukue marando kutoka shamba analolijua, kwa kuwa marando ya sokoni yaweza kuwa ya aina inayotoa majani mengi na viazi haba. Tena achunguze: mmea wenye majani madogo yaliyokunjamana, yenye rangi ya manjano na mabaka, una ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe na vidukari, nao huambukiza bustani nzima.

Juu ya kiazi kitamu inafaa kuongeza habari moja ambayo wanachama wa mikoa yenye kiangazi kirefu watainufaikia. Tatizo lao la kila mwaka ni marando kukauka kabla ya mvua, hata msimu ukifika hakuna cha kupanda. Njia iliyofanyiwa kazi na watafiti wa viazi na sasa inatumika katika nchi kadhaa za Afrika ni hii. Wakati wa mavuno vichaguliwe viazi vidogo visivyo na majeraha wala wadudu, ambavyo kwa kawaida huliwa na watoto au kutupiwa mifugo, vipangwe kwa matabaka ndani ya beseni au sanduku lenye mchanga mkavu, vikae mahali pa kivuli ndani ya nyumba. Majuma 6 hadi 8 kabla ya mvua vitolewe vikiwa vimechipua, vipandwe kwenye kitalu kidogo karibu na maji, na vimwagiliwe. Mvua inapoanza kila kiazi huwa kimekwisha kutoa vipando vingi. Viazi vya rangi ya chungwa, vinavyoitwa viazi lishe kwa sababu mwili hufanya vitamini A kutokana na rangi yake, vinafaa kuhifadhiwa namna hii. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia ilitolewa kwa watafiti wanne, na watatu kati yao, Maria Andrade, Robert Mwanga na Jan Low, walituzwa kwa kazi yao juu ya viazi hivyo.

Sukuma wiki inastahili kutajwa hapa, ijapokuwa kinachopandwa si baki la sufuria hasa. Mmea uliozeeka hutoa machipukizi ubavuni mwa shina, na mama wa nyumbani huyavunja na kuyatupa ili majani ya juu yanenepe. Chipukizi la urefu wa kidole kirefu, likipunguzwa majani na kupandwa kivulini kwenye udongo wenye unyevu, hushika mizizi na kuwa mche bila kununua pakiti ya mbegu. Kabichi ni tofauti. Kitako kilichotoka sokoni kikiwekwa majini hutoa vijani vichache kisha huoza. Lakini kabichi iliyokatwa bustanini, shina lake likiachwa ardhini na mizizi yake, hutoa vichwa vidogo kadhaa ambavyo ni mboga ya siku moja au mbili. Kwa hiyo mwenye kabichi zake asing'oe mashina siku ya mavuno.

Mchaichai, mnanaa na aina nyingi za mrihani hushika mizizi ndani ya maji bila shida. Mchicha unaouzwa na mizizi yake waweza kupandwa ukiwa bado haujanyauka, lakini hukimbilia kutoa mbegu. Heri kuacha mmea mmoja uzae, kwa sababu mchicha mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo nyeusi, nazo zinatosha kaya kwa mwaka na jirani pia. Tangawizi iliyochipua hukatwa vipande vyenye jicho moja au mawili, huachwa siku moja au mbili majeraha yakauke, kisha hufukiwa kina cha sentimita 5 penye kivuli chepesi. Inataka subira ya miezi 8 hadi 10, na haipendi maji yanayotuama. Kitunguu saumu hupandwa punje moja moja, ncha ikiwa juu; katika nchi ya baridi kama Mbulu hufanya vichwa, na Dar es Salaam mtu aridhike na majani yake, ambayo ni kiungo kizuri. Kishungi cha nanasi huota karibu kila mara, lakini tunda lake hungojwa mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, pengine zaidi. Si mboga, ila hakuna ubaya.

Upande wa mbegu, tahadhari ni moja. Nyanya, pilipili hoho na matango mengi ya sokoni siku hizi ni chotara. Mbegu zake huota, lakini mimea itokayo haifanani na mama yao wala haifanani yenyewe kwa yenyewe. Kwa makopo mawili ya nyumbani hilo si neno. Kwa bustani ya kikundi yenye soko ni neno kubwa. Anayetaka kuweka mbegu ya nyanya ya asili achague tunda lililoiva vizuri kwenye mmea wenye afya, akamulie mbegu na maji yake ndani ya kikombe, aziache siku mbili au tatu mpaka utelezi uachane na mbegu, azioshe, azianike kivulini. Mbegu za maboga huota kwa wepesi, na majani yake huchumwa mapema. Ila maboga hupokezana chavua na jamaa zake walio jirani, kwa hiyo boga la mwaka ujao laweza kuwa la sura nyingine kabisa. Majani yake hayabadiliki utamu.

Sasa kuhusu vyombo. Chombo cha maji kilichosahauliwa dirishani ni shamba la mbu. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye maji yaliyotulia ndani na kando ya nyumba za watu, na katika joto la pwani yai huweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 10. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Maji ya vipando yamwagwe na chombo kisuguliwe kila siku, au walau kila baada ya siku mbili, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo. Hilo pia huzuia mizizi kuoza.

La pili juu ya vyombo linawahusu hasa wanachama wa vyama vya kahawa, pamba na korosho, ambao nyumbani kwao hayakosekani makopo na madumu ya dawa za mimea. Chombo kilichokuwa na dawa kisipandwe mboga, hata kikioshwa kwa sabuni mara saba. Plastiki hunyonya sumu na kuiachia polepole. Watunza ghala wa vyama wanapaswa kuyatoboa makopo hayo na kuyarudisha kwa utaratibu uliowekwa, badala ya kumpa mtu anayeomba "kopo la bure la kupandia vitunguu". Kopo la maziwa, debe la mafuta ya kula, kiroba cha unga, sufuria iliyotoboka, hivyo vyote vinafaa.

Maji ya kusuuzia mchele na mboga yamwagiliwe bustanini. Maji ya sabuni nyingi yasimwagiliwe. Maganda ya ndizi apewe mbuzi kwanza, kwa maana mbuzi ana haki yake ya zamani jikoni, na yanayobaki yaingie kwenye shimo la mboji.

Viazi mviringo vimeachwa mpaka hapa kwa makusudi, kwani ndivyo vilivyokipata kile kikundi cha akina mama.

Hakuna kitu kinachoota kwa wepesi kama kiazi mviringo kilichosahauliwa kapuni. Hata ganda nene lenye jicho moja huweza kuota. Kwa sababu hiyo watu wengi huona kwamba kiazi cha kula na kiazi cha mbegu ni kitu kimoja, na kwamba tofauti ya bei ni ujanja wa wafanya biashara. Kile kikundi kilifikiri hivyo. Kilinunua magunia manne ya viazi vya sokoni, kikavichagua kimoja kimoja, kikatupa vyote vilivyokuwa na doa. Vikaota vizuri mno. Mimea ilipokaribia kutoa maua, baadhi ikaanza kunyauka wakati wa mchana hali udongo una unyevu. Jioni ilisimama tena, na baada ya siku chache haikusimama. Akina mama wakaongeza maji. Bwana shamba alipoitwa alimkuta mwenyekiti wa kikundi kwenye tuta.

"Shikamoo mama. Poleni na kazi. Hii mbegu mliitoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Sokoni. Lakini tulichagua vizuri, hapakuwa na hata kimoja kilichooza."

Bwana shamba hakubishana naye. Aliomba bilauri ya maji safi, akang'oa mmea ulionyauka, akakata kipande cha shina karibu na ardhi, akakishika kikining'inia ndani ya maji bila kukitikisa. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye mkato ule. Huo ulikuwa ni mnyauko bakteria, ugonjwa uletwao na kijidudu kiitwacho Ralstonia solanacearum, na uzi ule ni vijidudu vyenyewe vikitoka kwa mamilioni ndani ya mishipa ya mmea. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na kila kikundi chenye viazi au nyanya chafaa kukijua.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba kiazi kilicholimwa penye baridi chaweza kubeba vijidudu bila kuonyesha dalili yoyote. Ngozi ni safi, nyama ni nyeupe, mchaguzi hodari hawezi kukitambua. Kikipandwa mahali penye joto kidogo, ugonjwa huamka. Ukisha kuingia udongoni hukaa humo kwa miaka, na hakuna dawa ya kunyunyiza inayouondoa. Tena haushambulii viazi peke yake. Nyanya, biringanya, nyanya chungu na pilipili ni jamaa za kiazi na hufa kwa ugonjwa huo huo. Msimu uliofuata kikundi, kwa kutaka kufidia hasara, kilipanda nyanya pale pale. Zilinyauka. Mkopo wa chama ulikuwa bado haujalipwa hata nusu.

Historia ina mfano mkubwa wa jambo la jinsi hii, ijapokuwa ugonjwa ulikuwa mwingine. Mwaka 1845 ukungu wa viazi uliingia Ireland, nchi ambayo maskini wake walikuwa wakiishi kwa viazi. Kwa kuwa kiazi huzaliwa kutokana na kiazi, mashamba yalijaa mimea ya damu moja isiyoweza kuukinga ugonjwa ule, na vimelea vyake vilivuka kutoka mwaka hadi mwaka ndani ya viazi vilivyoachwa ardhini, vilivyotupwa marundoni na vilivyowekwa kuwa mbegu. Hadi njaa ile ilipomalizika mwaka 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni 1 wamehama nchi. Rundo la viazi vibovu nyuma ya jiko si uchafu tu.

Je, mtu atupe kila kiazi kilichochipua? La. Chenye kuchipua kidogo, kigumu bado, chaweza kupandwa ndani ya kiroba chenye udongo wake, mbali na shamba, na baada ya mavuno udongo ule usimwagwe shambani wala usipandwe nyanya. Maganda ya viazi vyenye kuoza yasitiwe kwenye mboji. Yafukiwe mbali au yachomwe. Na kiazi kilichogeuka kijani kwa kukaa juani, au chenye machipukizi marefu na ladha chungu, kisiliwe na mtu wala kisipewe mtoto, kwa sababu kina sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Kwa shamba la kikundi njia ni nyingine. Zinunuliwe mbegu zilizothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, au zile za daraja la kuazimiwa ubora zinazozalishwa na wakulima waliosajiliwa. Kama fedha hazitoshi, zinunuliwe chache, zizalishwe kwenye kipande kidogo ambacho hakijalimwa viazi wala nyanya kwa miaka kadhaa. Kabla mimea haijaanza kugeuka manjano, yenye afya iwekewe kijiti ubavuni, na viazi vya mbegu vitoke kwenye mashina yenye vijiti tu. Katika shamba lililokwisha kuambukizwa ipandwe mahindi, kabichi au vitunguu kwa misimu kadhaa, viazi vinavyojiotea ving'olewe, na jembe lioshwe kabla ya kuhamia shamba jingine.

Ni wajibu wa Bodi za vyama, zinapopokea maombi ya mkopo wa bustani, kuuliza mbegu itatoka wapi kabla ya kuuliza itagharimu kiasi gani. Mwanachama anayeotesha vitunguu na matembele nyumbani hahitaji mkopo wala ruhusa ya mtu. Ahitaji daftari la shule tu, aandike upande mmoja mafungu aliyochuma na upande mwingine mafungu aliyonunua, kwa miezi mitatu, ndipo ajue kama kazi yake inamlipa au inamfurahisha tu. Kikundi kinachotaka kupanda eka moja ya viazi kwa fedha za wenzao kina hesabu nyingine, na stakabadhi yake lazima iseme neno lile lile linalosemwa na daftari.

Kile kikundi cha akina mama kilipewa muda zaidi na mkutano mkuu. Kilipanda mahindi kwenye shamba lile, na ukutani mwa ghala la chama kikatundika viroba vya vitunguu majani na matembele, ambavyo wanachama wanaoleta mazao huvinunua wakisubiri zamu ya mizani. Deni liliisha msimu wa nne. Katika daftari la chama, pembeni mwa safu ya mbegu, katibu alipiga mstari kwa rula na kuongeza safu nyembamba yenye kichwa cha maneno matatu: "Imetoka kwa nani."